Kuanzia Selo Hadi Dhamana: Mwongozo Kamili kwa Mshtakiwa na Jamaa Zake Mjini Mombasa

Wasomaji wengi wameuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: imekuwaje ndugu yetu apelekwe kortini asubuhi, na kabla ya adhuhuri awe amekwisha kuhukumiwa na kupelekwa gereza la Shimo la Tewa, ilhali sisi tulikuwa bado tunatafuta wakili? Mara nyingi jibu ni kwamba alikiri shtaka ambalo hakulielewa, ama kwa sababu aliambiwa kwamba kukiri kutaharakisha mambo, ama kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba angeweza kukana na bado akarudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa dhamana.

Mwongozo huu unafuata njia anayopita mtu kuanzia saa anayokamatwa. Unaweza kuusoma leo bila haraka, au kuusomea ukiwa nje ya kituo cha polisi. Hauchukui nafasi ya wakili, lakini utakusaidia kutoharibu kesi kabla wakili hajafika.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka nyumbani

- Jina kamili la aliyekamatwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na namba ya kitambulisho na umri wake. Ikiwa hajatimiza miaka 18, beba cheti chake cha kuzaliwa.
- Kitambulisho chako mwenyewe na nakala zake.
- Daftari na kalamu, kwa sababu utahitaji kuandika majina, saa na namba.
- Dawa anazotumia kila siku, zikiwa ndani ya pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari.
- Pesa kiasi kwa ajili ya dhamana, ikiwezekana.
- Nyaraka za mtu atakayekuwa mdhamini: kitambulisho, picha za pasipoti, na hatimiliki ya ardhi, logibuku ya gari au hati za mshahara za miezi ya karibuni.
- Namba ya simu ya wakili. Usipokuwa naye, andika 1559, namba ya bure ya IPOA, mamlaka huru inayopokea malalamiko dhidi ya polisi.

## Dhana tatu zitakazokusaidia kuielewa kesi

Ya kwanza ni kwamba kosa la jinai, kwa kawaida, lina sehemu mbili: tendo lenyewe, na hali ya nafsi ya mtendaji, yaani nia yake au ujuzi wake. Kijana akikutwa na simu iliyoibwa ambayo aliinunua soko la Kongowea, kuwa nayo ni tendo. Ili awe na hatia ya kupokea mali ya wizi, lazima pia ithibitishwe kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba simu ile ilikuwa ya wizi. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi siku ya kusomewa mashtaka, na ndiyo inayowafunga wengi.

Ya pili ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na kiwango chake ni kikubwa: pasipo shaka ya msingi. Mshtakiwa hahesabiwi kuwa na hatia hadi mahakama iamue hivyo, na kwa ujumla halazimiki kuthibitisha kwamba hana kosa.

Ya tatu ni nia ya pamoja. Watu wawili au zaidi wanapokubaliana kutenda jambo lisilo halali, kila mmoja anaweza kubeba lawama ya kosa lililotokana na mpango huo, hata kama si yeye aliyenyoosha mkono. Ndiyo maana mwendeshaji wa bodaboda aliyembeba mwizi hukamatwa pamoja naye. Hoja inakuwa kama alikuwemo katika mpango au alikuwa amebeba abiria tu, na hilo hujadiliwa kwa ushahidi.

## Hatua ya 1: Tafuta kituo na upate namba ya OB (kitabu cha matukio)

Usitegemee habari za mtaani. Anza na kituo kilicho karibu na mahali alipokamatwa, kisha uulize vituo vya jirani. Aliyekamatwa kisiwani anaweza kuwa Central au Makupa. Wa pwani ya kaskazini anaweza kuwa Nyali au Bamburi. Wengine wako Likoni au Changamwe. Kwenye meza ya mapokezi sema kwa utulivu: "Afande, naomba kujua kama mtu huyu yuko hapa, ameandikwa kwa kosa gani, na namba yake ya OB ni ipi."

Namba hiyo ina uzito kwa sababu kitabu cha matukio ndicho kinachoonyesha siku na saa aliyoingizwa kituoni. Wakati huo utakusaidia kuzihesabu saa 24 za kikatiba (tazama Hatua ya 4), na mwisho wa kesi tarehe hiyo inaweza kumsaidia tena, kwa kuwa sheria inaitaka mahakama izingatie muda aliokaa rumande inapopanga kifungo.

Ikiwa kila kituo kinakana kumshikilia ilhali kuna walioshuhudia akichukuliwa na polisi, andika ushahidi wao na umwone wakili mara moja. Mahakama Kuu inaweza kuamuru mtu huyo aletwe mbele yake, na haki hiyo haiwezi kuwekewa mipaka, kwa mujibu wa Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa umeandika daftarini jina la kituo, namba ya OB, saa ya kuingizwa, kosa linalotajwa na jina la mpelelezi.

## Hatua ya 2: Linda kauli yake

Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake; haki ya kunyamaza; haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika; na haki ya kutolazimishwa kukiri jambo litakalotumiwa dhidi yake.

Kunyamaza si ukaidi. Anapaswa kutoa jina lake na maelezo yanayomtambulisha, kisha aseme kwa heshima: "Nitatoa maelezo wakili wangu akiwepo." Akiwa ana ushahidi wa wazi kwamba hakuwa mahali pa tukio, wakili ndiye anayefaa kuamua kama utolewe sasa.

Sheria ya Ushahidi haipokei ungamo lililotolewa popote tu. Ili likubaliwe, lazima litolewe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kwa hiyo, ukiitwa uwe mtu huyo wa tatu, usiende kwa wepesi. Kuwapo kwako ndiko kunakoweza kulifanya ungamo lile likubalike, na huna budi kuwa na hakika kwamba mwenzako anazungumza kwa hiari yake, akielewa yatakayomfuata.

Angalizo: asitie saini karatasi asiyoisoma au asiyosomewa. Orodha ya vitu vilivyochukuliwa kwake isomwe kitu kimoja kimoja. Kilichoongezwa kikataliwe hapo hapo, kabla ya saini.

Akiwa ameumizwa, omba apelekwe hospitali, hifadhi karatasi za matibabu, na mwambie amweleze hakimu siku ya kwanza. Majeraha yanayotajwa wiki kadhaa baadaye ni vigumu kuyathibitisha.

## Hatua ya 3: Omba dhamana ya polisi

Kwa makosa mengi ya kawaida, mkuu wa kituo anaweza kumwachilia mshukiwa kwa dhamana akiahidi kufika mahakamani siku atakayopangiwa. Huduma yenyewe hailipiwi. Fedha inayowekwa ni amana ya kurudishwa, na lazima utolewe risiti rasmi yenye jina la aliyeiweka. Ukiombwa pesa isiyo na risiti, hiyo si dhamana, na hakuna kumbukumbu itakayokulinda kesho ukiambiwa kwamba ndugu yako alitoroka.

Kwa makosa kama mauaji na wizi wa mabavu, kituo hakina uwezo wa kutoa dhamana. Usipoteze siku ukibembeleza pale. Mahakama ndiyo yenye uwezo, kwa sababu Katiba inampa kila aliyekamatwa haki ya kuomba dhamana bila kubagua kosa.

## Hatua ya 4: Hesabu saa 24

Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku ambayo si ya mahakama, kikomo husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Mtu aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi lazima awe mahakamani kufikia Jumatano saa nne asubuhi. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa zake zinaishia Jumamosi, kwa hiyo kikomo ni mwisho wa Jumatatu, ikiwa Jumatatu hiyo si sikukuu. Wengi hulalamika bure juu ya Ijumaa, kisha wananyamaza wakati Jumatatu inapopita bila ya mtu wao kuonekana kortini, na hapo ndipo pa kupaza sauti.

Uliza atapelekwa mahakama ipi. Kesi nyingi za kisiwani husikilizwa katika Mahakama za Mombasa, na nyingi za upande wa kaskazini katika Mahakama za Shanzu. Mambo ya watoto yana mahakama yake Tononoka. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya jinai. Shughuli yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya kibinafsi kwa Waislamu, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kesi ya wizi "itamalizwa kwa Kadhi".

Wakati mwingine polisi humleta mtu bila mashtaka na kuomba wamzuilie siku zaidi wakikamilisha uchunguzi. Ombi hilo linaweza kupingwa. Mshukiwa aombe kusomewa sababu zilizo kwenye kiapo cha mpelelezi, aeleze anakoishi na kazi anayofanya, na aombe aachiliwe kwa masharti ya kuripoti kituoni.

## Hatua ya 5: Siku ya kujibu mashtaka

Hapa ndipo kesi nyingi zinapopotea. Mahakama huwa imejaa, majina yanasomwa kwa kasi, na mshtakiwa ametoka selo bila kulala. Karani husoma shtaka kisha huuliza: "Kweli ama si kweli?" Mtu mwaminifu, aliyezoea kusema kweli mbele ya wakubwa, hujibu, "Ni kweli nilikuwa na hiyo simu." Yeye anadhani ameeleza jambo moja dogo, ilhali jibu hilo linaweza kuandikwa kuwa amekiri kosa zima.

Mfundishe mapema kwamba swali halihusu sehemu moja ya maelezo. Linahusu shtaka lote: tendo, nia na mazingira. Sehemu yoyote ikiwa si kweli, jibu ni "Si kweli." Kukana namna hii si kusema uongo wala si kumkosea hakimu heshima. Ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe madai yake, na Katiba imempa haki hiyo.

Utaratibu wa kupokea jibu umekuwa wazi tangu uamuzi wa mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Mshtakiwa asomewe shtaka na vipengele vyake vyote kwa lugha anayoielewa; maneno yake yaandikwe yalivyo; akikiri, kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea; mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua; na akitoa maelezo yanayopingana na kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana. Kwa hiyo hata aliyekwisha kusema "kweli" bado ana nafasi moja, pale anapoulizwa kama maelezo ni sahihi. Atamke waziwazi: "Nilinunua dukani, sikujua kwamba imeibwa, naomba kubadilisha jibu langu."

Uzito wa jambo hili unaonekana katika adhabu. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu una kifungo kisichozidi miaka 3, ilhali kupokea mali ya wizi chini ya kifungu cha 322 kunaweza kufikia miaka 14. Anayekiri la pili akidhani ni dogo kuliko la kwanza amejiweka mahali pabaya zaidi. Isitoshe, aliyekiri mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia yenyewe, ila dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Mlango unaobaki ni kuonyesha kwamba kukiri kwake hakukuwa wazi, na mlango huo ni mwembamba.

Lugha nayo isipuuzwe. Si kila mkazi wa Mombasa anafuata Kiswahili cha mahakamani. Mzee aliyezoea Kigiriama, au mgeni anayezungumza Kisomali, ana haki ya mkalimani bila kulipa. Aombe kabla ya kujibu, wala asione haya. Vilevile anaweza kuomba shtaka lisomwe tena polepole, au jibu liahirishwe azungumze kwanza na wakili.

Je, hapaswi kukiri kamwe? La. Mtu aliyetenda kosa, anayelielewa, na aliyeshauriwa na wakili, anaweza kukiri na mahakama ikalizingatia hilo katika adhabu. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kukiri kwa ushauri wa mtu aliyemkuta kwenye selo.

Hatua hii imefaulu ikiwa kumbukumbu za mahakama zinaonyesha amekana, lugha iliyotumika imeandikwa, na hakimu amehamia kwenye suala la dhamana.

## Hatua ya 6: Dhamana ya mahakama

Mahakama inaweza kumnyima mtu dhamana ikiwa tu kuna sababu nzito, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuzionyesha: kwa mfano hofu ya kutoroka, kuwaingilia mashahidi, au kumbukumbu ya kukiuka dhamana ya zamani. Kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimruhusu mtu kuwekwa rumande.

Mshtakiwa ataje mambo yanayomfunga na mji huu: mtaa anaoishi, mke au mume na watoto, kazi, wazazi, shule. Akihitaji matibabu, aseme. Mahakama ikiagiza ripoti ya afisa wa probesheni, jamaa wampokee afisa huyo vizuri na kumweleza ukweli mtupu, kwa kuwa anayetoa picha isiyo ya kweli ya familia humharibia mtu wake.

Masharti huja kwa namna mbili kuu. Dhamana ya fedha hulipwa yote kwa akaunti rasmi ya Mahakama, na hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alihudhuria. Bondi yenye mdhamini haihitaji fedha siku hiyo, lakini mdhamini huweka mali rehani ya ahadi, na mshtakiwa akitoroka, mdhamini anaweza kuamriwa alipe kiasi chote. Mweleze hilo mdhamini kinagaubaga kabla hajatia saini. Udugu umevunjika katika mitaa yetu kwa sababu shangazi aliyetoa hatimiliki hakuelezwa.

Hatimiliki itahitaji kuthibitishwa katika ofisi ya ardhi, na logibuku nayo itakaguliwa. Kazi hiyo huweza kuchukua siku kadhaa, ndiyo maana nyaraka ziliwekwa kwenye orodha ya mwanzo. Anayesubiri masharti yatangazwe ndipo aanze kutafuta mdhamini humlaza ndugu yake rumande usiku usio wa lazima.

Angalizo: nje ya mahakama huwapo watu wanaojitolea kukupa mdhamini kwa malipo. Kaa nao mbali. Nyaraka zikigunduliwa kuwa za kughushi, dhamana hufutwa na kesi mpya huzaliwa. Wala usitume pesa ya dhamana kwa simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa karani.

Masharti yakiwa makubwa kupita uwezo wenu, dhamana ni kama imekataliwa. Omba mahakama hiyo hiyo iyapunguze, ukieleza kipato halisi. Ikikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyapitia upya.

## Hatua ya 7: Kati ya kutajwa na kusikilizwa

Siku ya kutajwa kesi ni ya kupanga mambo, siku ya kusikilizwa ni ya mashahidi. Zote mbili lazima ahudhurie. Asiyekuwapo na lake halipo: akikosa bila sababu, kibali cha kumkamata hutolewa, na dhamana iko hatarini.

Aombe nakala ya hati ya mashtaka, taarifa za mashahidi na vielelezo mapema, kwa kuwa ni haki yake kujua ushahidi utakaotumiwa. Asiye na uwezo wa wakili aende ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au mashirika yanayofanya kazi Mombasa kama Kituo cha Sheria, MUHURI na Haki Africa. Katika kesi ya mauaji, Mahakama Kuu humteulia wakili anayelipwa na serikali.

Mlalamishi akitaka kusamehe, mapatano ya wazee hayaifuti kesi yenyewe. Lazima yafikishwe kwa kiongozi wa mashtaka na mahakama ikubali. Makosa ya ngono dhidi ya watoto si ya kusuluhishwa nyumbani, na anayejaribu anamwongezea mtoto jeraha.

## Hatua ya 8: Utetezi

Mashahidi wa mashtaka wakimaliza, mahakama huamua kama kuna kesi ya kujibu. Ikiwa hakuna, mshtakiwa huachiliwa papo hapo. Ikiwa ipo, ana njia tatu: kujitetea kwa kiapo na kuhojiwa, kutoa maelezo bila kiapo ambapo hahojiwi, au kunyamaza. Utetezi wa kiapo kwa kawaida hupewa uzito mkubwa zaidi kwa kuwa umepimwa kwa maswali. Chini ya njia yoyote anaweza kuita mashahidi wake.

Wakati wa kuwahoji mashahidi wa mashtaka, maswali mafupi yanatosha: kulikuwa na mwanga gani, ulikuwa umbali gani, ulimtaja kwa jina ulipoandikisha taarifa? Hotuba azihifadhi kwa mwisho.

## Hatua ya 9: Baada ya hukumu

Akipatikana na hatia mbele ya hakimu, ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Aombe nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi siku hiyo hiyo. Anaweza pia kuomba dhamana akisubiri rufaa, ingawa hupatikana kwa nadra kuliko ile ya mwanzo.

Kesi ikiisha, aliyeweka fedha aombe amri ya kurudishiwa, akiambatisha risiti halisi na kitambulisho chenye jina lile lile lililo kwenye risiti. Mdhamini naye adai hatimiliki au logibuku yake, kisha ahakikishe kwamba kizuizi chochote kilichowekwa kwenye kumbukumbu za ardhi au za gari kimeondolewa kwa maandishi.